Kuchagua boneti gadi ya pikapu ukiwa Tanga

Kabla hujaenda kuulizia bei ya boneti gadi, ile plastiki inayofungwa kwenye ukingo wa mbele wa boneti, simama mbele ya pikapu yako mchana kweupe, uinamie boneti, kisha pitisha kidole polepole kwenye ukingo wake wa mbele, pale juu ya shoo, yaani grili ya mbele. Kama gari limeshafanya safari kadhaa za Segera, kidole kitakwama hapa na pale. Ni vidoa vidogo, vingine sawa na kichwa cha pini, ambavyo kokoto zimevichimba. Vitazame kwa karibu. Vilivyo vyeupe au vya kijivu vimeishia kwenye praima, rangi ya chini inayopakwa juu ya bati. Vyenye rangi ya chai vimefika kwenye bati, na kutu imeshaanza.

Hapa kwetu jambo hilo ni zito kuliko kwa mtu wa Dodoma au Singida. Upepo wa bahari unaleta chumvi, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na gari linalolala Raskazone au Chumbageni linaamka na umande wenye chumvi. Kidoa ambacho bara kingekaa muda mrefu bila kubadilika, Tanga kinapanuka chini ya rangi mpaka rangi inavimba na kubanduka. Ukishafika hapo, kuna kukwangua, kupiga praima na kurudia rangi ya boneti nzima, maana rangi ya kipande kimoja mara nyingi haifanani na iliyobaki.

Watu wengi wanaotafuta boneti gadi wanawafikiria wadudu, na kweli inasaidia kwa wadudu. Ila mimi nasema kwa pwani hii inunue kwanza kwa ajili ya mawe, na uichague kwa namna inavyofungwa kabla ya kutazama rangi au mng'aro wake. Iliyofungwa vibaya inaleta ileile kutu uliyotaka kuikwepa.

Hatua ya 1: Zijue njia zako

Jiulize pikapu inashinda wapi. Ya kusambaza soda kati ya Ngamiani na Makorora haifiki mwendo wa kuifanya boneti gadi ifanye kazi yoyote ya maana dhidi ya wadudu. Ya mtu anayetoka Tanga kwenda Chalinze kila wiki, au anayekimbia Horohoro, hiyo inaihitaji. Anayepanda Amani kutokea Muheza anakwenda taratibu kwenye vumbi na kona. Kwake wadudu si tatizo, lakini akirudi kwenye lami nyuma ya malori, mawe yanamhusu.

Boneti gadi haimpigi mdudu kumrudisha nyuma. Inachofanya ni kuunyanyua upepo unaokuja juu ya boneti, ukapanda na kupita juu ya kioo. Mdudu mwepesi kama mbu, nondo mdogo au kumbikumbi anachukuliwa na upepo huo. Mzito kama mbawakawa au panzi mkubwa hafuati upepo. Anaendelea na safari yake mpaka kwenye kioo. Kwa hiyo asije mtu akakuahidi kioo kisichochafuka. Utakachopata ni kioo kinachochafuka kidogo zaidi, tena ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Gari lenye kioo kilichosimama, kama Land Cruiser 79, linanufaika kidogo kuliko Hilux au Ranger ambazo vioo vyake vimelala.

Mwendo una upande wake wa pili. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, upepo unaisukuma boneti gadi kwa nguvu mara 4. Kifungio kinachoonekana imara mjini kinaweza kulegea ukiwa Mkata.

Na mawe? Kokoto inayopiga boneti yako imerushwa na gari lililo mbele yako au unalopishana nalo. Ukimfuata kwa karibu lori linalotoka Pongwe na mzigo, hakuna boneti gadi itakayokuokoa, kwa sababu jiwe litapiga kioo, taa na shoo pia. Acha nafasi, na kwenye vipande vinavyotengenezwa, kama njia ya Pangani wakati wa ujenzi wa lami, punguza mwendo mnapopishana.

Hatua ya 2: Lijue umbo la boneti yako

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Jina la gari halitoshi. Hilux ya umbo la Vigo ilianza kutoka 2004, na uso wake ukabadilishwa 2011. Revo ikafuata 2015, nayo ikabadilishwa uso baadaye. Isuzu D-Max ina maumbo matatu: la 2002, la 2011 na la 2019. Ford Ranger ya 2011 na ya 2015 zinashabihiana ukiziona kwa mbali, lakini nyuso zao si moja. Ukinunua kwa kutaja jina tu, utapewa iliyopo dukani.

Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, kisha usiuamini peke yake. Pikapu nyingi zinazotembea hapa zimewahi kugongwa mbele na kuwekewa boneti ya mtumba, pengine ya toleo jingine pamoja na taa na shoo zake. Kadi itasema 2009 wakati boneti ni ya 2012. Kama hukulinunua gari likiwa jipya, muulize fundi wa bodi aliangalie.

Njia ya uhakika ni kutengeneza kiolezo. Chukua boksi la katoni, libanjue, liweke juu ya ukingo wa mbele wa boneti na ulishike kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, isije ikachuna rangi. Fuata mkunjo wote kwa penseli kutoka taa hadi taa, weka alama ya katikati na alama za matundu yaliyopo upande wa chini, halafu kata. Nenda na kiolezo hicho dukani, ukilaze juu ya boneti gadi. Ikipishana na mkunjo kwenye kona, iache. Muuzaji akikwambia, "Bosi, hii inaingia Hilux zote," mjibu kwa upole tu: "Sawa kaka, naomba basi tuijaribishe kwenye gari kabla sijalipa." Anayeijua bidhaa yake hatakataa.

Hatua ya 3: Tazama imetengenezwa na nini

Zilizo nyingi ni za akriliki au polikaboneti. Akriliki ni ngumu, inang'aa, haichubuki kirahisi na inavumilia jua vizuri, lakini jiwe kubwa likiipiga sawasawa inapasuka. Polikaboneti inapinda kabla ya kupasuka, kwa hiyo inastahimili mapigo zaidi. Udhaifu wake ni jua. Isipokuwa na tabaka la kuzuia miale, inageuka manjano na kuwa na ukungu. Tabia hiyo unaijua tayari, maana vioo vya taa za mbele za magari mengi ya kisasa ni polikaboneti, na umeona vinavyokuwa baada ya miaka kadhaa ya jua la pwani.

Kwa anayekimbia barabara kuu iliyojaa malori, ningechagua polikaboneti yenye tabaka hilo, na ningehakikisha limeandikwa kwenye boksi. Kwa anayeegesha juani siku nzima na kusafiri mara chache, akriliki inatosha.

Kuna aina ya tatu: plastiki nyepesi iliyopakwa kromu. Dukani inavutia. Kwa hewa ya chumvi, kromu hiyo huanza kubanduka kwenye kingo, na jiwe la kwanza linaacha alama isiyofutika. Mimi siishauri.

Shika boneti gadi pande mbili uipinde kidogo. Iliyo nzuri inarudi yenyewe bila kutoa mlio. Unene wa karibu milimita 3 unafaa. Pitisha kidole kwenye kingo zote, ziwe zimelainishwa. Ukingo wenye meno ndiko ufa unakoanzia.

Hatua ya 4: Kagua inavyofungwa

Hatua hii usiiharakishe hata kama umeshachoka kuzunguka.

Ziko namna tatu. Ya kwanza ni ya klipu na skrubu, zinazoshika ukingo wa chini wa boneti au kuingia kwenye matundu yaliyoachwa na kiwanda. Ya pili ni ya gundi ya pande mbili. Ya tatu ni ya kutoboa.

Kutoboa kwa Tanga ni kukataa moja kwa moja. Ukiinua boneti na kutazama ukingo wake kwa ndani, utaona bati la nje limekunjwa likalibana bati la ndani. Mkunjo huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Maji yakiingia hapo hayatoki upesi, na bati linaliwa kutoka ndani bila wewe kuona chochote nje. Drili ikipita hapo imefungua njia ya maji yenye chumvi, na silikoni utakayopakwa juu yake haikai milele. Fundi akikwambia ni "vitundu viwili tu", mshukuru, uchukue gari lako.

Ya klipu ndiyo ninayoipendekeza, kwa masharti. Klipu ziwe za stenlesi au plastiki ngumu, na kila sehemu inayogusa rangi iwe na mpira. Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio. Klipu ya chuma iliyopakwa rangi inanata kwa nguvu. Stenlesi ya aina nzuri hainati, au inanata kidogo sana. Chuma cha kawaida kitatoa michirizi ya kutu kwenye boneti nyeupe baada ya masika moja. Ukikuta boneti gadi nzuri yenye skrubu za chuma, bado inafaa. Nunua skrubu za stenlesi za ukubwa uleule kwenye maduka ya vifaa vya boti, kwa sababu wanaohudumia mashua wanajua chumvi inavyokula chuma.

Ya gundi inaonekana safi kwa kuwa haina klipu, na zile fupi zinazolala karibu na boneti huwa za namna hii. Inafaa kama gundi ni ya kampuni inayojulikana, rangi ya boneti ni ya kiwandani, na kazi imefanywa kwa utaratibu. Kama boneti imepigwa rangi mtaani juu ya pati, ile ya kuzibia mabonde ya bati, iache. Siku utakapoibandua, rangi itabanduka nayo.

Kisha angalia nafasi kati ya boneti gadi na boneti. Iwe inapitisha maji ya mpira na kitambaa chembamba. Ikibana sana, mchanga na vumbi la njia ya Amani vitakaa humo, gari litatikisika, na boneti gadi itakuwa msasa juu ya rangi yako. Uliza kama imekuja na vile vidonge vya mpira vya kubandika kwenye boneti, mahali plastiki inapoweza kugusa ikisukumwa na upepo. Kama havimo, vitafute. Kama unaweza, bandika pia karatasi angavu ya kukinga rangi kwenye ukingo wote kabla ya kufunga. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kupiga rangi.

Hatua ya 5: Kimo na rangi

Keti kwenye kiti cha dereva kama unavyokaa ukiendesha, na kama gari lina madereva wawili, aketi yule mfupi. Boneti gadi isikate macho yenu kwenye barabara iliyo karibu. Ndefu inanyanyua upepo zaidi, lakini pia inasukumwa zaidi na kupiga kelele zaidi. Ya wastani inatosha. Inua boneti mpaka mwisho na uishushe, uone kama kona hazigusi taa wala shoo. Kwenye pikapu mpya zenye kamera kiooni au rada nyuma ya shoo, hakikisha hakuna kipande kinachofunika vifaa hivyo.

Rangi ya moshi haionyeshi uchafu upesi. Angavu inakuonyesha uchafu na kutu iliyojificha chini, na hiyo ni faida. Chagua unayoipenda.

Hatua ya 6: Siku ya kufunga

Usifunge juu ya jeraha. Kila kidoa ulichokigusa kwa kidole mwanzoni kisafishwe kwa msasa laini hadi kutu iishe, kiguswe kwa praima, kisha rangi, kisha klia (rangi angavu ya juu kabisa), kiachwe kikauke vizuri. Kutu iliyofunikwa na boneti gadi itaendelea kwa raha zake gizani.

Osha boneti kwa sabuni, suuza, kausha. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Chini ya jua la saa 7 mchana gundi haishiki inavyotakiwa. Kwa ya klipu, zifunge zote kwa mkono kwanza, weka boneti gadi katikati kwa kutumia alama ya kiolezo, halafu kaza kwa bisibisi kidogo kidogo ukibadilishana kushoto na kulia. Usitumie mashine ya kukazia, kwa kuwa plastiki inapasukia kwenye tundu la skrubu.

Kwa ya gundi, futa eneo kwa spiriti, liache likauke, bandika kuanzia katikati kwenda pembeni, na ubonyeze kwa nguvu kila mahali. Gundi nzuri za pande mbili hufikia nguvu yake yote baada ya saa 72, kwa hiyo siku 3 hizo usioshe gari na usilikimbize. Ukifunga Ijumaa jioni, safari ya Dar isiwe Jumamosi.

Mwisho, shusha boneti na uhakikishe loki imeshika, na ile ndoano ya pili ya usalama pia. Ivute kwa mkono. Boneti inayofunguka kwenye mwendo inafunika kioo chote, na dereva anabaki haoni kitu. Baada ya safari ya kwanza ndefu, kaza tena skrubu.

Msimu wa kumbikumbi

Mvua zikianza, za vuli na za masika, kumbikumbi hutoka kwa maelfu jioni na usiku na kuzifuata taa. Kipande cha Hale hadi Muheza usiku kinaweza kukijaza kioo mbawa na mafuta kwa dakika chache. Boneti gadi itapunguza, haitamaliza. Usiwashe waipa kwenye kioo kikavu, kwani zitapaka mafuta yale kioo kizima, na taa za anayekuja zitakupofusha. Mwaga kwanza maji ya kwenye tangi la waipa, yaliyotiwa sabuni ya kioo, mara mbili tatu, ndipo uwashe. Kama bado huoni, egesha mahali salama nje ya barabara na ufute kwa kitambaa.

Boneti gadi haiilindi rejeta. Kumbikumbi na mbawa zao huingia kupitia shoo na kuziba mapezi, na utaligundua hilo unapopanda Mombo hadi Lushoto na mzigo, mshale wa joto ukianza kupanda. Ukifunga wavu mbele ya rejeta, uwe wenye matundu ya kutosha na usafishwe baada ya kila safari ya namna hiyo, la sivyo wavu wenyewe ndio utakaozuia hewa.

Mabaki ya wadudu yaoshwe siku hiyohiyo. Majimaji yao, yakipikwa na jua, hula klia na kuacha alama zisizotoka kwa kuosha. Weka kitambaa chenye maji ya sabuni juu yake kwa dakika 10, yalainike, kisha futa bila kusugua. Petroli na tina usiviguse. Akriliki na polikaboneti zote hupata nyufa nyembamba kama nywele zikipakwa vitu hivyo, na sabuni za vioo zenye amonia huiharibu polikaboneti vilevile. Kwenye kuosha kwa mashine, mwambie kijana asielekeze maji ya nguvu kwenye ukingo wa gundi, ila apitishe maji ya kawaida chini ya boneti gadi mpaka yatoke meupe.

Kila baada ya miezi michache, na lazima baada ya masika, fungua ile ya klipu kabisa. Osha chini yake, kagua mipira na ukingo wa boneti, pitisha nta, rudisha. Ukiona ufa unaotoka kwenye tundu la skrubu, ivue siku hiyo na usiingie nayo barabara kuu, kwa sababu kipande kikichomoka kwenye kilomita 100 kwa saa kitaruka kwenye kioo chako au kwa mwendesha bodaboda aliye nyuma yako.